Mnara wa simu, unga wa mlonge na mayai yasiyototoa

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kuku chotara huku Chanika, matetea 62 na majogoo 4, mayai natotolesha mwenyewe kwa mashine. Mwezi wa 11 mwishoni waliwasha mnara wa simu kama mita 60 toka bandani kwangu na toka hapo mambo yameharibika, zamani kwenye mayai 90 napata vifaranga 65 mpaka 70, sa hivi 30, mara 28. Kuna kaka anauza unga wa majani ya mlonge, kopo elfu 45, anasema una antioksidanti zinazoondoa mionzi kwenye mbegu za jogoo, na dozi kamili ni makopo matatu. Nimeshanunua moja. Je ni kweli majani yanazuia mionzi? Na nihamishe banda?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, najua trei tatu za mayai kuingia mashineni afu unatoka na vifaranga 28 inavyouma, umeme umelipa, siku 21 umesubiri, wateja wameshalipa advansi. Banda usihamishe. Makopo mawili yaliyobaki usinunue. Ila ntakujibu kwa kirefu kidogo manake huyo kaka kakwambia maneno ambayo nusu yake ni kweli kabisa, na hiyo nusu ya kweli ndo inayokufaa wewe, sa tusiitupe pamoja na uongo.

Kwanza tuelewane mionzi ni nini. Kuna mionzi ya aina mbili na watu wanaichanganya kila siku. Ipo mionzi ayonisha, hiyo ndo ya eksirei, ya gamma, ya madini kama urani, ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye molekuli za mwili na kupasua vinasaba. Afu ipo isiyoayonisha, mawimbi ya redio, ya tivii, ya simu, hata taa ya joto unayoweka kwa vifaranga inatoa mionzi ya kundi hili hili. Wimbi la simu nguvu yake kwa kila kipakiti cha nishati ni kama mara milioni moja ndogo kuliko inayotakiwa kung'oa elektroni, haijalishi minara iwe mingapi, haifiki hapo. Tena antena za mnara hazimwagi chini kama bomba la mvua, zinarusha kwa mlalo kwenda mbali, na kila ukiongeza umbali mara mbili nguvu inashuka mpaka robo. Sikatai kwamba watafiti bado wanazichunguza simu, mwaka 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa WHO uliyaweka mawimbi haya kundi la 2B, yaani uwezekano upo lakini ushahidi ni mdogo. Lakini mnara wa mita 60 kuua zaidi ya nusu ya vifaranga vyako ndani ya miezi miwili, hapana.

Sa mionzi ayonisha yenyewe je, inaharibu uzazi? Sana, na sisi Watanzania tuna mfano mkubwa kuliko karibu nchi yoyote. Mbung'o wa Unguja. Miaka ya 90 walikuwa wanafugwa Tanga kwa wingi, madume yanapigwa mionzi ya gamma, afu yanapakiwa kwenye ndege ndogo na kumwagwa juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8. Dume linaruka vizuri, linapanda jike kama kawaida, ila hakuna kinachozaliwa, na mbung'o jike hupandwa mara moja tu au mara chache sana maishani, kwa hiyo akishampata huyo dume ndo basi. Mwaka 1996 ndo alionekana mbung'o wa mwisho wa porini, na 1997 Unguja ikatangazwa haina tena mbung'o. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mionzi inaua mbegu za kiume usimbishie, inaua kweli. Swali ni mionzi ipi na kiasi gani.

Na kwa ndege pia ipo. Wale mbayuwayu mnaowaona wamejipanga kwenye nyaya za umeme msimu huu wa joto, wengi wao wanatoka Ulaya wanakimbia baridi. Kuna wenzao wanaozaliana karibu na Chernobyl, kule kinu cha nyuklia kilikolipuka 1986. Mwaka 2005 Anders Møller, Peter Surai na Timothy Mousseau walitoa utafiti wao, walichukua mbegu za mbayuwayu madume wa kule wakalinganisha na wa sehemu nyingine, wakakuta wa Chernobyl wana mbegu zenye ulemavu nyingi zaidi, na ulemavu huo ulikuwa unaendana na kiwango cha vitamini A, vitamini E na karotenoidi (rangi za mimea), ambazo zote ni antioksidanti, yaani kinga ya seli, kwenye damu na ini la ndege pamoja na mionzi ya eneo husika. Huyo Surai kwa taarifa yako ni mtu wa kuku haswa, maisha yake yote ameshughulika na vitamini E na madini ya seleni kwa kuku wazazi. Ndo maana nakwambia habari ya antioksidanti na mbegu za jogoo sio hadithi ya kijiweni.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mwili wa kuku zaidi ya nusu ni maji. Mionzi ya gamma ikipita inapasua molekuli ya maji na kuacha vipande vinavyoitwa radikali huru, kibaya kuliko vyote kinaitwa haidroksili, kinaishi chini ya kufumba na kufumbua, sehemu ndogo mno ya sekunde, ila katika muda huo kinagonga chochote kilicho jirani. Sa mbegu ya jogoo ni kitu dhaifu mno, ngozi yake imejaa yale mafuta laini yanayochacha upesi, na ndani hakuna nafasi ya kubeba vifaa vya kujitengeneza kama seli nyingine. Umewahi kuacha mafuta ya alizeti wazi jikoni yakaanza kunuka? Ndo hicho hicho kinatokea kwenye ngozi ya mbegu, mafuta yanachacha, ngozi inatoboka, mkia unakosa nguvu, mbegu haifiki kwenye yai. Vitamini E inakaa ndani ya hiyo ngozi, radikali ikija inajitoa yenyewe kugongwa badala ya mafuta, vitamini C inakuja kuiamsha tena, seleni inakaa kwenye kimeng'enya kinachosafisha mabaki. Rangi za mimea, zile njano na nyekundu na zile chungu chungu za majani, nazo zina kazi yake humo.

Na majani yameshajaribiwa kwenye mionzi. India, 2001, mlonge huu huu wetu, panya wadogo walipewa dawa ya majani yake kisha wakapigwa gamma, na kromosomu za uboho wao ziliharibika kidogo kuliko za wale ambao hawakupewa. Mrehani nao kule India umefanyiwa majaribio kama hayo. Ila angalia hapo, walipewa KABLA. Radikali ikishagonga imeshagonga, hamna jani duniani linalorudi nyuma "kuondoa mionzi" kwenye mbegu, na wala mionzi ya gamma haikai mwilini kama uchafu ikisubiri kufagiliwa. Kwa hiyo lile neno "unaondoa mionzi" alilokwambia huyo kaka ni la uongo hata kama ungekuwa unaishi Chernobyl yenyewe.

Sasa tuje kwako, manake nimekusumbua kwa meseji jana na majibu yako ndo yamenipa picha yote. Umenambia bati ni tupu halina chochote chini yake. Umenambia majogoo yale manne ni ya kundi la kwanza, yana miaka miwili na zaidi. Mayai unayakusanya sebuleni mpaka yafike trei tatu, siku 12 mpaka 13. Toka jirani afiwe na kuku kwa kideri unawapa kuku maji ya mwarobaini kila siku. Na toka alizeti ipande bei unachanganya mashudu ya pamba. Mdogo wangu, hapo kila kimoja peke yake kinaweza kushusha utotoleshaji, na vyote vimekutana kwenye kaskazi.

Joto ndo la kwanza na ndo kubwa. Mnara uliwashwa mwezi wa 11 mwishoni, na kaskazi la Dar linaanza lini? Muda huo huo. Desemba mpaka Machi mchana hapa ni nyuzi 31, 32, 33 na unyevu juu, chini ya bati tupu ongeza nyingine. Kuku hatoki jasho, mwili wake wa kawaida ni nyuzi 41 na korodani za jogoo ziko ndani ya mwili karibu na figo, hazina pa kukimbilia. Akihema mdomo wazi kutwa nzima anakula kidogo, hapandi, na seli zake zinavuja radikali huru zile zile nilizokueleza kwenye gamma. Umeona? Adui ndani ya mbegu ni yule yule, aliyemleta ndo tofauti. Ndo maana mtu akimpa jogoo mlonge au tangawizi wakati wa joto anaweza kuona nafuu ya kweli, afu akaamini kwamba mnara ulikuwa unamuua. Tangawizi na nyanya vimeshajaribiwa kwa majogoo, tangawizi kwa majogoo wazee hasa, na mbegu zao ziliboreka. Sio mionzi iliyoondoka, ni mafuta ya mbegu yaliyoacha kuchacha.

Mayai ya sebuleni nayo yananitia wasiwasi pengine kuliko hata majogoo. Yai lenye mbegu likishatagwa kiini chake, kile kitakachokuwa kifaranga, kinatakiwa kilale. Kulala kwake kunataka ubaridi, nyuzi 15 mpaka 18 hivi, ikipita 21 na kuendelea kinaanza kuamka, sebule ya Chanika mwezi wa kwanza ina nyuzi 30, kwa hiyo kiini kinaamka kinakua kidogo kinakosa joto kamili la mashine la 37.5 kinachoka kinakufa. Siku ya saba ukimulika unaona yai jeupe unasema jogoo hapandi, kumbe jogoo alipanda vizuri na yai limefia sebuleni. Friji usiweke, baridi yake inaua pia. Dawa ni kutosubiri trei tatu. Ingiza mayai mashineni kila baada ya siku nne, siku tano, hata kama ni 30 tu, andika tarehe kwa penseli, na hayo yanayosubiri yaweke chumba cha upande usiopigwa na jua, chini sakafuni, ncha nyembamba ikiangalia chini.

Kabla hujabadilisha chochote nataka ufanye jambo moja, ni la bure. Chukua mayai kumi yaliyotagwa leo, uyavunje kwenye sahani moja moja taratibu, uangalie juu ya kiini cha njano kuna kidoa cheupe. Kikiwa kidogo, kimejaa weupe, kingo zake hazieleweki, hilo yai halina mbegu. Kikiwa kikubwa zaidi, kama milimita nne tano, mviringo mzuri kama pete, katikati kweupe kumefifia, hilo lina mbegu. Ukikuta nane kati ya kumi yana pete, majogoo wako hawana kosa na shida yote iko sebuleni na mashineni. Ukikuta matatu ndo yenye pete, basi tuongee habari ya majogoo. Watu wanatumia laki na elfu 35 kwenye makopo na hawajawahi kuvunja yai wakaangalia, inanisikitisha kweli.

Majogoo wenyewe hata wakiwa wazima hawatoshi. Jogoo mmoja kwa matetea nane mpaka kumi, wewe una mmoja kwa kumi na tano, tena mzee, tena kwenye joto. Tafuta sita au saba wa umri wa miezi nane mpaka mwaka, miguu imenyooka, upanga wa kichwani mwekundu, kutoka kundi lingine kabisa lisilo na undugu na matetea wako. Na uelewe kwamba tetea anahifadhi mbegu kwenye vijitundu vya mfereji wake wa mayai, akipandwa leo anaweza kutaga mayai yenye mbegu wiki mbili na zaidi, kwa hiyo ukiwatoa wazee leo wiki ya kwanza na ya pili vifaranga bado vitakuwa mchanganyiko.

Sasa hapa kwenye mimea naomba usome polepole. Mimea sio yote rafiki wa jogoo. Mwarobaini unaowapa kila siku, kwenye majaribio ya panya madume majani yake yalipunguza idadi na nguvu ya mbegu. Mbegu za papai ambazo wengi tunawapa kuku kwa ajili ya minyoo, hivyo hivyo, zimejaribiwa kwa panya na hata kwa nyani, zinashusha uzazi wa dume. Habari njema ni kwamba kwenye mengi ya majaribio hayo uzazi ulirudi baada ya kuacha. Mwarobaini haukingi kideri hata hivyo, kideri kinakingwa na chanjo, matone ya jicho kila miezi mitatu, bei yake kwa kuku mmoja hata haifiki bei ya yai. Acha mwarobaini leo. Na mashudu ya pamba yana sumu inaitwa gosipoli, ni maarufu kwa kuharibu mbegu za dume, China kuna wakati waliifanyia utafiti kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Kwa kuku wa kuchinja mtu anaweza kuvumilia kidogo, kwa kuku wazazi mimi siweki kabisa. Rudi kwenye alizeti hata kama bei imepanda, afu na yenyewe uinuse kabla ya kununua, mashudu yaliyokaa yanachacha, na chakula kilichochacha kinakula vitamini E yote kabla haijafika kwa jogoo. Mwaka fulani mimi mwenyewe niliuziwa gunia sita za mashudu ya zamani, nilisikia harufu nikajipa moyo kwamba kuku hawachagui, msimu ule mzima nilitotoa nusu ya kawaida yangu na sitaki yakukute.

Mlonge huna haja ya kopo la elfu 45, Dar hii mlonge ni uzio, majirani zako watatu lazima wanao. Chuma majani yaliyokomaa, suuza, anika KIVULINI siku tatu nne mpaka yavunjike mkononi, jua kali linaua vitamini A na C, saga, funga kwenye ndoo isiyopitisha mwanga, tumia ndani ya mwezi. Changanya kilo tatu kwa kila kilo mia ya chakula, usizidi tano, ukizidisha kuku wanakula kidogo na uzito unashuka. Unga wa tangawizi kavu kilo moja kwa mia, au manjano nusu kilo, sio lazima vyote kwa pamoja, na ukikosa mpe mchicha na matembele mabichi asubuhi. Ila juu ya hayo yote nunua premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wazazi, sio ya broila, manake ya wazazi ndo ina vitamini E na seleni ya kutosha, mlonge peke yake seleni haikufikishi popote. Kopo ulilonunua kama kweli ni majani matupu lichanganye tu humo humo liishe, kama lina harufu ya dawa au huelewi kilichomo, tupa.

Banda, weka makuti juu ya bati au paka chokaa nyeupe, toa mabanzi ya juu upepo upite, maji yabadilishwe saa sita mchana yawe ya baridi. Chakula wape alfajiri na jioni, mchana wa joto chakula kinaongeza joto tumboni. Jioni ndo majogoo wanapanda zaidi, usiwafungie mapema.

Mbegu mpya kutengenezwa kwa jogoo inachukua kama wiki mbili, ongeza zile za zamani zilizobaki kwa matetea, kwa hiyo usipime matokeo kabla ya mwezi kuisha, wengi wanakata tamaa wiki ya pili wanarudi kwa muuza makopo. Mayai ya sebuleni ndo yataonyesha mapema, hayo ukiyaingiza kwa wakati mzunguko wa kwanza tu utaona tofauti.

Kama moyo bado haujatulia kuhusu mnara, Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, wana ofisi hapa Dar, kazi yao ni pamoja na kupima mionzi ya minara, una haki ya kupeleka malalamiko wakaja na kipimo chao pale nyumbani kwako. Na kuku akifa bila kueleweka usizike, mpeleke maabara ya veterinari pale Temeke apasuliwe.

Vunja hayo mayai kumi kesho, piga picha kila sahani mchana kwenye mwanga wa dirisha, nitumie.